Umeihifadhi Wapi? Tafakuri za Mwanafunzi wa Kompyuta Hapa Lamu

Swali lililotutatiza zaidi katika muhula wa kwanza wa somo la kompyuta halikuwa na neno gumu hata moja. Mwalimu alikuwa akipita nyuma ya viti, anatazama skrini ya mwanafunzi aliyemaliza zoezi, kisha anamuuliza: "Umeihifadhi wapi?" Aghalabu alijibiwa "ndani ya kompyuta" au "kwenye Word", naye kwa majibu hayo alitikisa kichwa na kuendelea na safari yake baina ya meza.

Nasomea stashahada ya biashara katika chuo kimoja hapa Lamu, na darasani kwetu ni nadra kumpata asiye na simu janja. Tumekua nazo. M-Pesa ilianza mwaka 2007 tukiwa watoto wadogo mno kukumbuka dunia ilivyokuwa kabla yake, na leo tunalipa karo, tunahariri video na kutuma maombi ya kazi kwa kidole gumba. Kwa hiyo wengi wetu tuliingia maabara tukiamini kwamba kompyuta ni simu iliyonenepa ikapewa kibodi. Mradi wa serikali wa kupeleka vishikwambi katika shule za msingi ulianza kutekelezwa mwaka 2016 kwa watoto wa darasa la kwanza, nasi darasa hilo tulikuwa tumeshalipita. Na katika shule ya upili Kompyuta ni somo la hiari, ambalo shule niliyosoma mimi haikuwa nalo. Katika mitaala ya vyuo vya ufundi umilisi wa kidijitali umewekwa miongoni mwa mambo ya msingi ambayo kila mwanafunzi hupitia, awe anasomea ufundi wa umeme au upishi, na ndipo nasi tukakutana na mashine hiyo kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima.

Nimekuwa nikilifikiria somo hilo tangu tulipolimaliza, na nimefikia kuamini kwamba simu ilitufundisha kutumia vitu bila kutuonyesha mahali vinapokaa. Karibu kila jambo la msingi tulilofunzwa maabarani lilirudi kwenye maswali yale yale: kitu kiko wapi, huko kiliko kina umbo gani, na nani mwenye mamlaka ya kukifikia. Mwanafunzi aliyeyashika hayo hahangaiki sana programu inapobadilishwa sura au toleo jipya linapotoka. Aliyekariri mahali kitufe kilipo huanza upya kila mara kitufe kinapohamishwa.

Katika simu, picha uliyotumiwa kwa WhatsApp huonekana ndani ya WhatsApp na pia katika ghala la picha, na huna haja ya kujua kwamba ni faili moja, iliyo katika folda moja, inayoonyeshwa na programu mbili. Kompyuta nayo hujitahidi kuficha mambo kama hayo, lakini haifichi sana. Kila faili ina njia yake, inayoanza na herufi ya diski, ambayo katika Windows kwa kawaida ni C, ikafuatwa na majina ya folda moja ndani ya nyingine mpaka kulifikia jina la faili lenyewe. Mtu wa Amu, kama tunavyouita mji wa Lamu, ana kila sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Mgeni anayeulizia nyumba katika mji wetu haambiwi nambari. Huambiwa aingie Mkomani, afuate Ndia Kuu, akate kichochoro kilicho baada ya msikiti fulani, na nyumba ni ile yenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, upande wa kulia. Akiruka hatua moja ya maelezo hayo atabisha hodi kwa watu wengine, na huenda daka lao likawa limefanana kabisa na lile aliloelezwa. Vivyo hivyo folda mbili zinaweza kila moja kuwa na faili iitwayo "barua", na kompyuta haizichanganyi, kwa kuwa njia za kuzifikia ni mbili.

Aliyelielewa hili huelewa mengine mengi bila kufundishwa. Huelewa, kwa mfano, kwa nini alama ndogo yenye mshale iliyo kwenye uso wa skrini si faili, bali ni maelekezo tu ya kulifikia faili lililo kwingineko. Mwenzetu mmoja aliinakili alama hiyo kwenye flashi, akaenda kuchapisha kazi yake katika duka lililoko ufuoni, na huko ikaonekana kwamba amebeba kilobaiti mbili za maelekezo ya kwenda mahali ambapo hapo dukani hapakuwapo. Huelewa pia kwamba kuambatisha ripoti kwenye barua pepe ni kutuma nakala, na kwamba tangu dakika hiyo ziko ripoti mbili, kila moja ikiwa huru kubadilika peke yake. Katika kazi za vikundi tuliona matokeo yake: "ripoti", "ripoti mpya", "ripoti mpya kabisa", "ripoti ya mwisho", kisha, kwa masikitiko ya mwalimu, "ripoti ya mwisho ya kweli". Dawa aliyotupa ni nyepesi na nashangaa kwamba haifundishwi kila mahali: anza jina la faili kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kila kimoja kwa tarakimu zake kamili, na faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati, kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa kuzilinganisha alama moja moja kutoka kushoto.

Kuhusu kumbukumbu ya kazi na diski sina mengi ya kusema. Kinachoandikwa hukaa kwanza katika kumbukumbu ambayo hupotea umeme unapokatika, na hakifiki kwenye diski mpaka kihifadhiwe. Stima ya Lamu ilitufundisha jambo hilo vizuri kuliko kitabu, na vidole vyetu vikazoea kubonyeza Ctrl na S kila mwisho wa aya.

Sehemu ambayo wengi waliiona kavu, na mimi ikaniteka, ni ile ya biti na baiti. Tuliambiwa kwamba biti ni sifuri au moja tu, kwamba biti nane hufanya baiti, na kwamba baiti moja kwa hiyo inaweza kuwa na maumbo 256 tofauti. Hadi hapo ni hesabu. Kisha mwalimu akaandika ubaoni jina la mji wetu. Katika mpangilio wa ASCII, unaoipa kila herufi nambari yake na uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, herufi kubwa A ni 65, M ni 77, na U ni 85. Kwa hiyo AMU, ndani ya mashine, ni 01000001, 01001101, 01010101. Nilifurahi kuona kwamba U yetu ni sifuri na moja zinazopishana bila kukosea hata mara moja, ingawa nakubali kwamba furaha hiyo haina faida yoyote katika mtihani.

ASCII ilikuwa na nafasi 128 tu, na ziliwatosha waandikao Kiingereza. Kiswahili kwa herufi za Kilatini kilibahatika kutohitaji alama yoyote ya ziada, isipokuwa ile ya ng', ambayo hutumia kibainishi kilichokuwamo tayari. Lakini wazee wetu hapa Lamu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na herufi hizo hazimo katika nafasi hizo 128. Zilikuja kuwekwa pamoja na za lugha nyingine katika mpango mmoja uitwao Unicode, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ambamo alifu ina nambari yake, 1575, na katika namna ya kuhifadhi inayotumiwa zaidi kwenye intaneti kila herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili badala ya moja. Niliporudi nyumbani nilimwandikia babu jina lake kwa herufi hizo kwenye simu, nikamweleza kwamba kila herufi ni nambari. Akanijibu kwamba hilo analijua tangu chuo cha Kurani, maana abjadi nayo huipa kila herufi hesabu yake, na alifu huko ni moja tu, si elfu na mia tano.

Faida ya somo hilo ilionekana siku ya kupakia vyeti. Ukurasa mmoja wa maandishi wenye herufi elfu mbili na mia tano ni takriban kilobaiti mbili na nusu. Ukurasa huo huo ukipigwa picha kwa simu unaweza kufika megabaiti tatu, yaani zaidi ya mara elfu moja, kwa sababu mashine haihifadhi tena herufi bali rangi ya kila nukta iliyoko kwenye karatasi, pamoja na kivuli cha mkono wa mpiga picha. Mifumo mingi ya maombi hukataa faili inayozidi kiwango fulani, na niliwahi kuwaona watu wazima wakiamini kwamba wamekataliwa wao, kumbe iliyokataliwa ni picha iliyokuwa nzito. Tena picha ya maandishi haitafutiki: ukiuliza neno lililomo, kompyuta itakwambia halipo, nalo unaliona kwa macho yako. Yeyote anayenunua bando la intaneti kwa pesa zake angefaa kuielewa tofauti hiyo kabla ya kuelewa jambo lingine lolote.

Tulifunzwa pia kuchapa kwa vidole vyote kumi, na hapo nitapita haraka. Mpangilio wa herufi kwenye kibodi tuliurithi kutoka kwa mashine za taipu za Marekani za miaka ya 1870, na F na J zina vinundu ili vidole vya shahada vipate makao yao bila macho kuinama. Wiki za kwanza ni za kuudhi, kwani mtu huchapa polepole kuliko alivyochapa kwa vidole viwili. Wengi waliacha. Naona walipoteza, lakini sitawahubiria.

Katika uandishi wa hati, nilichokiona kuwa na thamani ni kutenganisha maneno na sura yake. Karibu sote tulikuwa tukiweka kichwa cha habari katikati kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi mpaka jicho liridhike, na kuhamia ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mpaka ukurasa uishe. Hati ya namna hiyo hupendeza mpaka mtu aongeze sentensi moja juu, na hapo kila kitu husukumwa chini na vichwa vya habari kwenda kukaa mahali visipotarajiwa. Programu ina namna ya kuambiwa kwamba maneno haya ni kichwa cha habari na kwamba sura hii ianze ukurasa mpya. Ukishaiambia hivyo, inajua kilipo kila kitu, na inaweza hata kutengeneza orodha ya yaliyomo yenyewe pamoja na nambari za kurasa. Mwalimu alitumia nusu saa tu kwa jambo hili na vipindi vingi kwa rangi, vivuli na maandishi ya kujipinda. Kwa maoni yangu mgawanyo huo ungegeuzwa.

Liko na lile jambo la mistari myekundu. Ukiandika insha ya Kiswahili katika kompyuta iliyowekwa Kiingereza, karibu kila neno hupigwa mstari chini, na mwanafunzi asiyejua sababu huanza kuushuku ufasaha wake. Sababu ni kwamba mashine inatafuta maneno ya Kiswahili katika orodha ya Kiingereza. Katika Word lugha ya hati inaweza kubadilishwa, na Kiswahili cha Kenya kimo katika orodha. LibreOffice, programu kama Word ambayo haiuzwi, nayo ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Hata baada ya kubadilisha, mistari haishi yote, na hapo sasa lawama ni ya lugha yetu yenyewe, kama ni lawama. Kamusi ya tahajia kwa asili ni orodha ya maneno, na Kiswahili hakipendi kuorodheshwa: kitenzi kimoja kama "andika" kinazaa nimekuandikia, hawatatuandikia, mlichowaandikisha, lisiloandikika, na maelfu ya maumbo mengine ambayo hakuna aliyekaa akayaandika yote. Waliojaribu kuitafsiri kompyuta kwa Kiswahili si wa leo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa, mwaka 2004, toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu nyingine ya aina hiyo, lililoitwa Jambo OpenOffice, likiwa na menyu zake zote kwa Kiswahili. Kazi hiyo sikuwahi kuisikia ikitajwa darasani, ambako maelezo yote hutolewa kwa Kiswahili na mtihani wote kuandikwa kwa Kiingereza.

Lakini kama ningeulizwa ni somo lipi moja lingebakizwa na mengine yote yafutwe, ningetaja lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu kama Excel. Wazo lake ni la Dan Bricklin, aliyekuwa akisoma biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alimwona mwalimu wake akichora jedwali la hesabu ubaoni na kulazimika, kwa kila nambari iliyobadilika, kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Yeye na Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II. Wazo lenyewe linaelezeka kwa maneno machache: kila seli, yaani kisanduku cha jedwali, ina anwani, herufi ya safu wima na nambari ya safu mlalo, na seli moja inaweza kuitaja nyingine kwa anwani badala ya kunakili kilichomo.

Nililielewa kikamilifu nilipokaa na ami yangu, ambaye ana mashua ya uvuvi na daftari lenye jalada jeusi. Kwa desturi ya chombo chake, samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu na chambo. Kinachobaki hugawanywa sehemu sita, mbili za chombo na moja moja kwa nahodha na mabaharia watatu. Tuseme mauzo ya siku ni shilingi 14,000 na gharama ni 5,000. Zinabaki 9,000, kila sehemu ni 1,500, na chombo kinapata 3,000. Hesabu hiyo ami huifanya kichwani kabla mimi sijaifungua kompyuta, na nilipomwonyesha jedwali lililotoa majibu yale yale hakuona cha kustaajabia. Kisha nikabadilisha nambari moja tu, gharama ya mafuta, nikaiongeza kwa shilingi 600. Jumla ya gharama ikawa 5,600, salio 8,400, sehemu 1,400 na fungu la chombo 2,800, zote kwa mpigo, bila mimi kuzigusa. Akaniambia niongeze tena. Tukaongeza, tukapunguza, tukajaribu kumwongeza baharia mmoja, na tukatazama ingekuwaje kama barafu ingenunuliwa Mokowe badala ya hapa mjini. Kwa muda wote huo ami hakuwa akiuliza kilichotokea jana, ambacho daftari linamweleza vizuri, bali kile ambacho kingetokea, na hilo daftari haliwezi.

Siri yote iko katika kuiweka bei mahali pamoja. Ukiandika bei ya lita ya mafuta ndani ya kila safu mlalo, siku inapopanda itakubidi uisake kila ilipo. Ukiiweka katika seli moja, tuseme H1, na fomula zote zikaitaja kwa anwani, utaibadilisha mara moja. Fomula inaponakiliwa kwenda chini, anwani zilizomo husogea nayo, jambo linalofaa kwa kilo na bei za samaki wa kila siku lakini lisilofaa kwa bei ya mafuta. Alama ya dola ikiwekwa mbele ya herufi na mbele ya nambari, yaani $H$1, anwani hiyo haisogei tena. Ilinichukua muda kuona kwamba alama hiyo haina uhusiano wowote na fedha za Marekani.

"Na hii ikikosea, mwanangu, nitajuaje?" ami aliniuliza.

Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka huo, mtihani ukiwamo. Lahajedwali hukosea kimya kimya. Ukiandika "kilo 12" badala ya 12, seli hiyo inakuwa maandishi, na fomula ya kujumlisha inairuka bila kusema neno. Jumla inatoka, imenyooka, na ni pungufu. Ukiandika nambari ya simu inayoanza na sifuri, programu huiona kuwa hesabu na kuiondoa sifuri ya mbele, mpaka uiambie kwamba hayo ni maandishi. Ukiandika 3/4 ukikusudia tarehe tatu Aprili, kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Marekani itaisoma kuwa tarehe nne Machi, na samaki wa ami watakuwa wamevuliwa mwezi mmoja kabla. Na mipaka yenyewe ipo. Excel ya sasa ina safu mlalo 1,048,576, ambayo ni mbili ishirini zikizidishwa pamoja, lakini mfumo wa zamani wa faili zake uliishia 65,536. Uingereza, mwaka 2020, wakati wa janga la korona, matokeo ya vipimo yalipitishwa katika faili za mfumo huo wa zamani, na yale yaliyozidi nafasi yakaachwa nje: watu 15,841 waliokutwa na maambukizi hawakuingia katika hesabu za siku zao, na ufuatiliaji wa waliokaribiana nao ukachelewa. Ikiwa taifa lenye wataalamu wengi kiasi hicho lilipitiwa na jambo hilo, nilimwambia ami, basi daftari asilitupe. Alinitazama kwa namna iliyonionyesha kwamba hakuwa na nia ya kulitupa. Sasa huandika katika daftari kwanza, mimi huingiza katika jedwali mwisho wa wiki, na tunalinganisha jumla mbili. Zinapotofautiana, mara nyingi kosa liko upande wa kompyuta, kwa maana ya upande wangu.

Limebaki swali la mamlaka, ambalo katika silabasi lilipewa ukurasa mmoja chini ya kichwa cha usalama, pamoja na ushauri wa kuchanganya herufi kubwa, nambari na alama katika nywila. Ushauri ni sahihi, lakini unadhani kwamba kila mtu ana nywila yake. Hapa kwetu watu wengi wazima hawana. Huduma za serikali zimehamia mtandaoni: pasipoti, cheti cha tabia njema, leseni, na marejesho ya kodi ambayo kila mwenye PIN, yaani nambari ya mlipakodi, anatakiwa kuyawasilisha kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hakuchuma kitu. Asiyejua kompyuta huenda saiba, duka la huduma za kompyuta na intaneti. Kijana wa saiba humfungulia barua pepe, humchagulia nywila, humjazia fomu, humchapishia karatasi, na humwambia arudi akihitaji jambo lingine. Nywila hubaki katika daftari la saiba, na huko kwenye daftari majirani wote wa mtaa wamepangwa wakisubiriana, mara nyingi kwa nywila moja ile ile yenye jina la duka na mwaka.

Silaumu vijana hao. Wanafanya kazi ambayo hakuna ofisi iliyojitolea kuifanya, kwa bei ndogo, na wengi wao ni waaminifu. Ninachosema ni kwamba shangazi yangu alikuwa na akaunti tatu zenye jina lake na nambari ya kitambulisho chake, na hakuweza kuingia katika hata moja bila kupanga foleni dukani mwa mtu mwingine. Duka lile lilipofungwa kwa muda, shughuli zake za serikali nazo zikafungwa. Karatasi zake za shamba amezifungia kabatini na ufunguo haumwachii mtu, lakini barua pepe inayoweza kufungua akaunti zake zote nyingine, kwa sababu ndiko viungo vya kubadilishia nywila hutumwa, aliiacha kwa kijana asiyemjua jina la baba yake.

Tulikaa naye alasiri moja. Kuingia katika barua pepe kulihitaji tumwombe kijana wa saiba nywila ya zamani, naye aliitoa bila ubishi, akaonekana hata kufarijika. Shangazi akachagua nywila mpya mwenyewe, maneno manne yasiyohusiana ya Kiamu ambayo sikuyaona wala sikutaka kuyaona, na akayaandika katika kitabu kinachokaa pamoja na zile karatasi za shamba. Nilifundishwa chuoni kwamba nywila haiandikwi popote. Kwa mtu wa umri wake, mwenye nyumba yenye kufuli, naona karatasi ya kabatini ni salama zaidi kuliko daftari la dukani, na nilipomwuliza mwalimu hakunipinga. Saiba bado anakwenda, maana macho yake na skrini hayapatani. Tofauti ni kwamba kwenye nywila anaandika yeye, kwa kidole kimoja, na foleni inangoja. Nambari ya simu iliyosajiliwa katika mojawapo ya akaunti hizo hatujaweza kuibadilisha, kwa sababu msimbo wa kuthibitisha hutumwa kwenye nambari ya zamani, nayo ilikuwa ya mfanyakazi wa kwanza wa saiba ile, ambaye siku hizi inasemekana yuko Malindi. Shangazi anamfahamu mama yake, na ameshaanza kuuliza.